Mbegu iliyolala na shanga iliyo macho: uchague njia ipi kuzalisha na kuhifadhi okidi Uganda?

Miaka miwili iliyopita mzee mmoja kutoka Mukono alinijia kitaluni, kando ya barabara ya Entebbe, ameshika tunda la okidi alilolifunga kwenye kipande cha gazeti. Mti mkubwa ulikuwa umekatwa shambani kwa jirani yake, na juu ya tawi mojawapo kulikuwa na okidi ya chui, Ansellia africana, ile yenye maua ya manjano yaliyojaa madoa ya kahawia. Mti ulipoanguka mmea wenyewe ulisagika. Likabaki tunda moja, tena bichi. "Mwanangu," akaniambia, "nimesikia siku hizi kuna mbegu bandia za maua haya. Nitengenezee."

Nilimjibu kwamba alichoshika mkononi kilikuwa bora kuliko alichokuwa anakiomba. Hakunielewa, na sikumlaumu. Tishu kalcha, mbegu bandia, miche ya chupa: watu huyataja maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, na wenye vitalu wanaoniuliza njia ipi wafuate huwa tayari wameshaamua kwamba iliyo mpya zaidi ndiyo bora. Nimejaribu njia zote ninazozieleza hapa isipokuwa ile ya kugandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika, na msimamo wangu nausema mapema: kwa okidi zetu za porini, anza na mbegu halisi. Mbegu bandia ina kazi yake, lakini ni kazi finyu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini okidi inahitaji chupa

Punje ya harage hubeba chakula chake. Mbegu ya okidi karibu haibebi kitu. Tunda moja likipasuka hutoa vumbi lenye mbegu laki kadhaa, kwa aina nyingine hata zaidi ya milioni, na kila moja ni kiinitete kidogo ndani ya ganda jepesi kama utando. Porini hupeperushwa na upepo hadi kwenye gome la mti, kisha husubiri kuvu wa aina fulani waingie ndani yake na kuilisha. Nyingi sana hufa zikisubiri. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyetambua siri hiyo ya kuvu mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba kuvu si lazima: ukiipa mbegu sukari na madini juu ya agari, ile jeli itokanayo na mwani, ndani ya chupa isiyo na vijidudu, inaota yenyewe.

Ikiota haianzi na jani wala mzizi. Inavimba kwanza na kuwa kidonge cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho wataalamu hukiita protokomu. Lishike neno hilo, maana njia zote tatu zinakutana hapo.

Njia tatu za kuzalisha

Ya kwanza ni kupanda mbegu halisi chupani. Kila mche unaotoka ni mtu na nduguye: wana mama mmoja lakini hawafanani kabisa. Mmoja atavumilia kiangazi, mwingine atatoa maua mengi, mwingine atakuwa dhaifu.

Ya pili ndiyo tishu kalcha kwa maana yake kamili. Unachukua ncha ya chipukizi la mmea unaoupenda, unaikuza chupani kwa lishe na homoni, nayo inatoa vidonge vinavyofanana na protokomu. Ukivikata kila kipande kinazaa vingine. Georges Morel wa Ufaransa alionyesha jambo hili kwa okidi za Cymbidium mwaka 1960, na biashara ya okidi duniani haikurudi ilikokuwa. Miche yote inayotoka ni nakala ya mama. Mganda yeyote aliyenunua miche ya migomba iliyotoka maabara za kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda au za watu binafsi ameshaiona kazi hii, isipokuwa pale ni matoke na hapa ni maua.

Ya tatu ni mbegu bandia. Wazo lake lilitolewa na Toshio Murashige mwaka 1977: kwamba kipande kilichozalishwa maabara kinaweza kuvikwa ganda na kushikwa kama mbegu. Kwa okidi, kinachovikwa ni protokomu, au kile kidonge kinachofanana nayo. Angalia basi mpangilio ulivyo: huwezi kutengeneza mbegu bandia bila kupitia njia ya kwanza au ya pili. Mzee wangu alipoomba mbegu bandia alikuwa ameomba bidhaa ya mwisho ya kazi ambayo haijaanza.

Gharama, na kazi ya mikono

Kupanda mbegu halisi kunawezekana jikoni kwa mtu makini. Tunda bichi ambalo halijapasuka ni zawadi, kwa sababu ndani yake hamna vijidudu. Unalisugua kwa sabuni, unaliloweka kwenye Jik, dawa ya kung'arishia nguo, iliyozimuliwa kwa robo saa hivi, unalichovya kwenye spiriti na kulipitisha kwenye moto mara moja, kisha unalipasua ndani ya boksi safi na kukung'utia mbegu chupani. Lishe ni agari, sukari kama gramu 20 kwa lita, na chumvi za madini. Wengi huongeza ndizi iliyoiva iliyopondwa. Mimi hutumia bogoya, ndizi tamu ya kula mbivu, na miche huipenda hasa inapofikia hatua ya kutoa mizizi. Maji ya dafu nayo hufaa, ila huku kwetu yana bei.

Jambo moja ambalo maelezo mengi ya kigeni hayakuambii. Wanasema chemsha lishe kwenye preshakuka kwa ratili 15 za presha, dakika 15 hadi 20, ili ifike nyuzi joto 121. Hesabu hiyo ni ya pwani. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ileile hapa hukupa kama nyuzi 119. Kabale, karibu mita 2,000, hukupa kama 117. Vijidudu sugu hubaki hai, wiki moja baadaye chupa zinajaa ukungu, nawe unadhani mikono yako ndiyo michafu. Ongeza dakika kumi, au zaidi ukiwa milimani. Nilipoteza chupa nyingi kabla ya kulijua hili.

Tishu kalcha ya ncha ya chipukizi ni ngumu zaidi. Ncha yenyewe ni ndogo, inahitaji hadubini ya kukatia, homoni zinazopimwa kwa miligramu, na mkono uliozoea. Mmea mama ukiwa na virusi, nakala zote zaweza kuwa navyo, ilhali virusi wa kawaida wa okidi kwa sehemu kubwa hawapiti kwenye mbegu. Kwa kitalu cha mtu mmoja naona ni afadhali kumlipa mwenye maabara kuliko kujenga yako.

Mbegu bandia, ukishakuwa na protokomu, ni rahisi kushangaza. Unayeyusha unga wa alginati ya sodiamu, unaotokana na mwani wa baharini, gramu 30 hivi kwa lita ya lishe yenye sukari. Unachanganya protokomu humo. Kwa bomba unadondosha tone moja moja, kila tone na protokomu yake, kwenye maji yenye kalsiamu kloridi, gramu 15 hivi kwa lita. Kalsiamu inachukua nafasi ya sodiamu na tone linaganda hapohapo. Baada ya dakika 20 au 30 unazisuuza. Mkononi una shanga laini zinazong'aa, kama milimita tano, kila moja na doa la kijani katikati. Ni kitu kizuri kukitazama. Nadhani uzuri huo ndio uliowafanya watu waipe sifa kuliko inavyostahili.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Mbegu halisi iliyokauka imelala. Haipumui kwa kiasi cha kuonekana, haili, haihitaji mwanga. Protokomu ndani ya shanga iko macho. Imejaa maji, inapumua, inataka kukua. Baridi inaipunguza kasi tu, haiilazi. Ile alginati si ganda la mbegu; ni blanketi lenye maji na sukari.

Kutokana na tofauti hiyo moja mambo mengi yanafuata.

Ukiiweka shanga kwenye udongo wa kawaida, sukari iliyomo humwita ukungu kabla ya mche kutoa mzizi. Wengine huongeza dawa ya kuvu ndani ya alginati, wengine hupunguza sukari, lakini njia iliyo salama ni kuirudisha shanga chupani ikaote humo. Basi mtu anayekuuzia wazo kwamba utazipanda kitaluni kama mahindi anakuahidi jambo gumu. Yako majaribio yaliyofaulu kupanda moja kwa moja kwenye mchanga na udongo, mfano yale ya Cymbidium giganteum yaliyotangazwa India mwaka 1993, lakini hayo yalifanywa na watu wenye uangalizi wa karibu sana.

Ukiiacha hewani inakauka, ikabaki kama punje ya chumvi, na kilichomo kimekufa.

Ukiiweka kwenye friji, okidi zinazotoka nchi za baridi au milima mirefu huvumilia nyuzi 4 kwa wiki kadhaa, nyingine miezi mitatu minne. Okidi za joto hudhurika. Hizo ziweke mahali penye ubaridi wa wastani na uharakishe kuzitumia. Okidi ya milima ya Rwenzori, kwenye baridi, na ile ya visiwa vya Ssese, kwenye joto, usizitendee sawa.

Na umeme. Hili kwetu si jambo dogo. Hebu nizipange njia za kuhifadhi bega kwa bega:

| Njia ya kuhifadhi | Hudumu kwa | Umeme ukikatika |
|---|---|---|
| Mbegu halisi kavu, chupa iliyofungwa, friji | Miaka, kwa aina nyingi | Hazishtuki kwa siku moja au mbili |
| Miche chupani, ukuaji wa polepole | Miezi 6 hadi 12 kabla ya kuhamishwa | Hukaa rafuni bila shida |
| Shanga kwenye friji | Wiki hadi miezi michache | Zinaamka, zinaoza upesi |
| Shanga zilizokaushwa, nitrojeni ya kimiminika | Miaka mingi | Haitegemei umeme, inategemea anayejaza tangi |

Mstari wa tatu nauandika kwa uchungu. Niliwahi kupoteza shanga za okidi ya Polystachya, kazi ya miezi minane, kwa sababu umeme ulikatika mwisho wa juma nikiwa safarini Mbale. Niliporudi friji ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, shanga zimegeuka uji wa kijivu. Ndani ya friji hiyohiyo kulikuwa na kichupa cha mbegu kavu za mmea uleule. Nilizipanda mwezi uliofuata zikaota.

Kukausha mbegu, kazi inayodharauliwa

Kwa hiyo wacha nikae hapa kidogo. Tunda likianza kugeuka manjano, livishe mfuko wa karatasi likiwa bado mmeani, ili likipasuka vumbi lisipotee. Ondoa nyuzi na vipande vya ganda, maana ndivyo vinavyobeba ukungu. Weka mbegu kwenye pakiti ya karatasi ya chai au ya kuchujia, na pakiti hiyo ndani ya chupa yenye silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu, kwa wiki moja. Huna silika? Kaanga mchele mkavu kwenye sufuria hadi ubadilike rangi, uache upoe ukiwa umefunikwa, utumie badala yake. Hewa ya ukanda wa Ziwa Nalubaale (Viktoria) ina unyevu mwingi. Mbegu uliyoiacha mezani hainywi maji kwa macho, lakini inayanywa.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya zamani: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza huongeza maisha ya mbegu mara mbili, na kila nyuzi joto tano hivi unazopunguza hufanya vivyo hivyo. Ni makadirio, na okidi zina tabia zake, hivyo toa chache kila mwaka uzipande kuona kama ziko hai. Lakini linganisha juhudi: kichupa kidogo kuliko kidole gumba kinabeba msitu mzima wa miche, chenye damu mchanganyiko, bila mtu kukihudumia. Kubeba idadi hiyohiyo kwa shanga ungehitaji friji nzima, na bado ungekuwa unazizalisha upya kila baada ya miezi kadhaa.

Tunda bichi lenyewe halifai kukaushwa. Mbegu zake hazijakomaa kuvumilia ukavu. Zipande siku hiyo au kesho yake.

Kuhusu nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, nitapita haraka kwa kuwa si kazi ya kitalu. Hapa shanga zinapata heshima yake ya kweli: ukizilisha sukari nyingi kwanza na kuzikausha taratibu, protokomu iliyomo yaweza kugandishwa na kuamshwa tena. Uganda nitrojeni hiyo si ngeni. Wafugaji wanaijua kwa kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe kwa uhimilishaji. Ni kazi ya taasisi kama hazina ya taifa ya mimea pale Entebbe au chuo kikuu, na ningefurahi sana kuona okidi zetu adimu zinaingizwa humo.

Na mwenye shamba la vanila je?

Wengi wa wakulima wa Mukono, Kayunga, Bundibugyo na Kasese hawaambiwi kwamba vanila ni okidi. Ni okidi kamili, iliyotoka Meksiko, na kwa mkulima hesabu inageuka. Yeye hatafuti miche isiyofanana. Anataka mmea aliouona unazaa vizuri. Mbegu halisi kwake si njia.

Anazo mbili. Kipandikizi cha urefu wa mita moja hivi kutoka kwa jirani ni cha bei nafuu na hutoa maua baada ya miaka miwili au mitatu. Ubaya wake ni kwamba kinakuja na maradhi ya jirani, hasa ule uozo wa mizizi unaoletwa na kuvu wa Fusarium, ambao ukishaingia shambani hautoki kirahisi. Mche wa tishu kalcha huja msafi, lakini huja mdogo kama kidole. Utangoja mwaka au zaidi kuliko mwenye kipandikizi. Na usafi wake si kinga. Ukiupanda kwenye shimo ambalo mmea wa vanila ulioza, nao utaoza.

Ushauri wangu kwa kikundi cha wakulima: nunueni miche michache ya tishu, mpande kwenye ardhi ambayo haijawahi kuwa na vanila, mkuze iwe mama, kisha mgawane vipandikizi kutoka hapo. Mtalipa gharama ya maabara mara moja tu. Mbegu bandia za vanila zimejaribiwa na watafiti wa India kwa ajili ya kuhifadhi na kubadilishana aina, na kwa kazi hiyo zinafaa. Mkulima wa ekari moja hazimsaidii.

Basi nani achague nini

Ukiwa na okidi ya asili iliyookolewa, panda mbegu. Nakala elfu moja za mmea mmoja ukizirudisha msituni hujarudisha ukoo, umerudisha mtu mmoja mara elfu, na ugonjwa utakaomuua mmoja utawaua wote. Ukipata mimea miwili yenye maua kwa wakati mmoja, chukua chavua ya huyu umpelekee yule kwa kijiti. Na kabla ya kugusa kitu: msitu wa hifadhi uko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, mbuga iko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, na ruhusa yao huombwa kwanza, hata kwa tunda lililoanguka.

Ukiuza maua ya vyungu Kampala na una chotara mmoja ambao wateja wanauulizia, tishu kalcha. Usizidishe vizazi vya kukatakata kutoka chupa ileile. Kadiri unavyoendelea, ndivyo miche yenye maua yaliyopotoka inavyoongezeka. Rudi kwa mama kila baada ya muda.

Ukitaka kumtumia mwenzako wa maabara nyingine vidonge mia tatu bila kubeba chupa za kioo, hapo shanga hazina mshindani. Zinakaa kwenye kikopo safi chepesi, hazikwaruziki, hazichanganyiki. Nimezituma Mbarara kwa basi la usiku zikafika salama, zikarudishwa chupani asubuhi. Kwa safari ya nje ya nchi kumbuka kwamba okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Uganda iliingia mwaka 1991. Okidi za Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo, ambamo ndimo nyingi zilimo, zilizokuzwa chupani na kusafirishwa katika vyombo visivyo na vijidudu zimepewa nafuu, lakini cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo bado kinatakiwa, na sheria za nchi unayopeleka ni zake.

Shule inayotaka wanafunzi waone ajabu ya kisayansi nayo naweza kuiambia itengeneze shanga. Hakuna somo la kemia linaloshikika mkononi namna ile.

Tunda la mzee tulilipasua jioni ileile. Tulijaza chupa ishirini. Sita zilishika ukungu nikazichemsha nikazitupa. Kwenye zilizobaki ule uwanda wa vumbi ulibadilika rangi polepole, kwanza krimu, kisha kijani, na mzee akawa anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama "watoto" wameamka. Chupa nilizipanga rafuni kando ya dirisha lisilopigwa na jua, kwa joto la kawaida la Kampala, na umeme ulipokatika, kama unavyokatika, hazikujua. Nusu ya protokomu za chupa moja nilizivika shanga, ndizo zile za Mbarara. Zilizobaki zilikua miche.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpelekea thelathini. Sita kati ya hizo amezifunga kwa kamba za mgomba kwenye shina la mti wa mtuba nyuma ya nyumba yake, upande ambao jua la mchana halifiki. Jumapili iliyopita alinipigia kuniambia kwamba mbili zimeshika gome kwa mizizi, na kwamba amemkataza mjukuu wake kuzigusa.